Rafadha ya Omo: Jinsi Mashua ya Matanga Inavyosaidiwa Kufunga Gati

Msamiati wa ubaharia katika Kiswahili, ambao wengi wetu huukuta kamusini tu, watosha kufafanua mitambo ya kisasa. Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, mkuku ni uti wa chini, na rafadha ni mapanga yasukumayo maji. Tuutumie kueleza rafadha ya omo.

Usukani hauna nguvu pasipo maji kuupita. Ndiyo maana mashua ya matanga, ingawa humtii nahodha baharini, humwasi inapokaribia gati polepole. Upepo ukiipiga ubavuni, huzunguka kwenye mkuku wake, omo ikasukumwa kando. Naye baharia ajaribuye kuizuia kwa mkono huweza kupondwa vidole.

Rafadha ya omo huondoa adha hiyo. Bomba hupitishwa kutoka ubavu hadi ubavu chini ya maji, na ndani yake rafadha ndogo huendeshwa na mota ya umeme. Ikisukuma maji kushoto, omo huelekea kulia. Bomba huwekwa mbele kadiri iwezekanavyo, kwa sababu ile ile inayotufanya tusukume mlango mbali na bawaba zake. Likiwa juu mno, rafadha huvuta hewa na nguvu hupotea.

Ugumu u katika kukiongeza kifaa hiki kwenye mashua iliyokwisha kuundwa. Ni kuitoboa pande zote mbili chini ya maji (jambo lisilompendeza baharia yeyote!), na kosa dogo la uzibaji huweza kuizamisha. Tena mota ya volti 12 hula mamia ya ampea. Hivyo huhitaji betri iliyo karibu na nyaya nene, na huwashwa kwa sekunde chache chache tu. Kwa maoni yangu, mwenye mashua ndogo na mwenzake hodari wa kamba hana haja ya kuitoboa.