Mama, Nani Ameingia Shimoni Leo?



Siku ya Jumatano, tarehe 28 Januari 2026, udongo wa machimbo ya koltani ya Rubaya ulibomoka ukafunika watu. Msemaji wa gavana aliyewekwa na M23, kundi linaloshika Rubaya tangu mwaka 2024, alisema waliokufa walipita 200. Hawakuwa wachimbaji peke yao. Walikuwamo watoto, na wamama waliokuwa wakifanya biashara yao pale. Ulikuwa msimu wa mvua na ardhi ilikuwa imelegea.

Tunarudi kwenye habari hii kwa sababu mlima bado uko pale, na kesho asubuhi mmoja wetu atapanda tena na sufuria ya maharagi kichwani. Watoto wanataka kula na shule inadai minerval. Basi hatutasema "musiende" halafu tunyamaze. Tuseme namna ya kurudi nyumbani.

Kwa nini udongo unaanguka

Rubaya inatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia nzima, lakini inachimbwa kwa sululu na mikono. Mashimo yanachimbwa karibu karibu, ukuta wa katikati unakuwa mwembamba, maji ya mvua yanaingia, na mlima unakosa cha kuushika. Wamama wa Walikale wanajua jambo hili tangu siku wachimbaji walipojaa Bisie kutafuta kasiterite. Kule kuna shida nyingine: msitu ni mkubwa, hospitali ni mbali, na majeruhi anabebwa kwa tipoyi.

Dalili za kukimbia

Ukiona nyufa mpya juu ya shimo, mawe madogo yakidondoka bila kuguswa, maji yakitoka ukutani, au miti ya kushikilia ikilia na kupinda, ondoka na uwaite wengine. Usiweke meza yako chini ya mteremko, hata kama wateja ni wengi pale. Mvua kubwa ikinyesha, siku hiyo usipande. Na jua likiwaka kesho yake, usidanganyike: ndani udongo bado umelowa.

Daftari la madeni

Mlima ukianguka, swali la kwanza ni: nani alikuwa ndani? Mara nyingi hakuna anayejua. Lakini mama muuza chakula anaandika madeni. Anajua nani alikula asubuhi na anashuka shimo gani. Mama, ongeza mstari mmoja: jina, kijiji, na nani wa kuitwa. Mstari huo unaweza kumsaidia mjane kujua pa kumtafuta mume wake.

Ajali ikitokea

Tusikimbilie wote shimoni, maana udongo unaweza kuanguka mara ya pili. Anayetoka damu, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi bila kuachilia. Aliyeumia mgongo au shingo asivutwe wala kukalishwa. Alazwe juu ya ubao, abebwe na watu kadhaa kwa pamoja mpaka kituo cha afya.

Sheria inasema nini

Sheria ya madini ya Kongo inaruhusu uchimbaji wa mikono kwa watu wazima tu, walio katika koperative iliyokubaliwa, na shimo lisipite mita 30 kwenda chini. SAEMAPE ndiyo huduma ya Serikali ya kuwasimamia. Mtoto hana nafasi pale, hata kubeba mchanga. Na mtoto akizaliwa, aandikishwe kabla ya siku 90. Baba akifia shimoni, karatasi hiyo itamsaidia mtoto kudai haki yake mbele ya ndugu wa baba.

Wiki hii, kikundi kikikutana kuweka akiba, tuulizane mambo mawili: kasha letu la mshikamano lina kitu kwa ajili ya majeruhi? Na daftari liko mikononi mwa nani?