Kifutu Siyo Mtoto wa Chatu

Nyoka ni jirani yetu. Tunakutana naye shambani, kisimani, hata chini ya kitanda. Lakini ukiuliza, "Yule ni nyoka gani?" kila mtu atakupa jina lake. Huyu atasema fira, yule koboko, na wa tatu atasema, "Nyoka ni nyoka, lete fimbo."

Hata mimi nilikuwa hivyo. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilirudi nyumbani kusalimia wazee. Asubuhi moja tulikwenda shamba la mihogo, mimi, babu na mtoto wa dada yangu mwenye miaka 9. Njiani alilala nyoka mnene, kimya kabisa, ana mabaka ya kahawia. Mtoto akasema, "Mjomba, mtoto wa chatu!" Nami nikajibu, "Ndiyo, chatu hana sumu." Mtoto akainama, akanyoosha mkono. Babu akamvuta shati mpaka akaanguka chali. Yule hakuwa chatu. Alikuwa kifutu. Babu hakujua kusoma hata herufi moja. Mimi nilikuwa na cheti.

Tulisimama mbali, babu akanifundisha. Kifutu ni mfupi na mnene. Mara nyingi hafiki urefu wa mita moja. Mkia wake unakatika ghafla, kama muhogo uliovunjwa. Kichwa ni kipana na bapa, shingo ni nyembamba. Ngozi yake haing'ai, ina magamba ya kukwaruza. Mgongoni ana alama zinazofuatana kutoka shingoni hadi mkiani. Wewe unayejua kusoma utazitambua upesi, maana zinafanana na herufi V.

Mtoto wa chatu ni mwembamba kuliko kifutu, na ngozi yake ni laini, inang'aa. Mabaka yake hayana mpango, yamekaa ovyo ovyo. Juu ya kichwa ana alama nyeusi kama ncha ya mshale. Ni kweli chatu hana sumu, lakini ana meno makali, na akiwa mkubwa hukaba mnyama mpaka anakufa. Kwa hiyo naye usimchezee.

Kifutu ana tabia moja mbaya kwetu: hakimbii. Ukija, yeye hutulia, akitumaini hutamwona. Wengi huumwa kwa sababu wamemkanyaga, hasa jioni na usiku. Ukisikia mfoko mkubwa kama hewa inatoka kwenye tairi la baiskeli, simama. Angalia yuko wapi, ndipo urudi nyuma.

Koboko yeye ni mrefu na mwembamba, mita 2 hadi 3, na ana mbio. Wengi wanamtafuta nyoka mweusi, na hapo wanakosea. Ngozi ya koboko ni ya kijivu au kahawia. Kilicho cheusi ni ndani ya mdomo wake, na ukikiona hicho umeshamkaribia mno. Hupenda kukaa kwenye vichuguu vya zamani, mashimo ya miti na mapango ya mawe.

Fira tunamjua kwa kuinua kifua na kutanua shingo. Lakini anapokimbia hatanui shingo. Anaonekana kama nyoka mwingine yeyote. Wapo wanaotema sumu, nayo hufika mita 2 au zaidi, wakilenga macho. Ikikuingia machoni, usisugue. Osha kwa maji mengi safi, kisha nenda zahanati.

Kuna maneno mengi ya barazani ambayo si ya kweli. Wanasema nyoka mwenye sumu lazima awe na kichwa cha pembetatu. Mbona koboko hana? Tena yuko nyoka anayekula mayai tu, asiye na sumu, naye akiogopa hutanua kichwa chake ili afanane na kifutu. Wanasema nyoka mdogo hana sumu. Anazaliwa nayo. Wanasema nyoka akifa amekwisha. Kichwa kilichokatwa huweza kuuma kwa muda bado.

Basi mwanafunzi aanzie wapi? Usianze na nyoka wote. Anza na wale wa hatari wa kijijini kwako, wawajue watu wote wa nyumbani. Asiye katika hao, na humjui, mhesabu kuwa ana sumu. Chukua lile daftari la kisomo. Ukimwona nyoka, kaa hatua 10 kutoka kwake, halafu ukifika nyumbani andika: tarehe, saa, mahali, unene, urefu ukilinganisha na mpini wa jembe, alama, na alivyofanya. Mpelekee mzee anayewajua umsomee. Kwa njia hii utamjua hata nyoka wa nyumba, yule wa kahawia mwenye mistari miwili myeupe-myeupe kila upande wa kichwa. Hana sumu, na anakula panya wa ghalani. Wengi tunamuua bure.

Usimshike nyoka ili umtambue. Kule Liwale aliishi Mwingereza, Ionides, watu wakamwita Bwana Nyoka. Alikamata nyoka kwa maelfu kabla ya kufariki mwaka 1968. Hata yeye aliumwa mara nyingi.

Shirika la Afya Duniani linasema kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa kuumwa na nyoka. Wengi ni watu wa mashambani kama sisi. Mtu akiumwa, usimchanje, usimfunge kamba ya kukaza, usinyonye jeraha. Mvue pete na bangili kabla hajavimba. Alaze mguu au mkono ule bila kuutikisa, abebwe kwa machela au chombo, apelekwe hospitali mara moja. Msipoteze muda kumsaka nyoka. Sema tu ulivyomwona. Daktari atatazama dalili. Sumu ya kifutu huvimbisha na kuozesha nyama. Ya koboko huzuia pumzi, na hapo kila dakika ina thamani.

Yule kifutu wa njia ya mihogoni hatukumuua. Babu alituzungusha kwa mbali, tukapita kwenye majani mafupi. Jioni tuliporudi alikuwa ameondoka, lakini mtoto alitembea nyuma ya babu, akikanyaga pale pale babu alipokanyaga, hadi nyumbani.