Fedha za Wageni, Uamuzi wa Watibeti

Tarehe 17 Mei 1960 watoto 51 walifikishwa Dharamsala, mji mdogo ulio kwenye miteremko ya Himalaya, kaskazini mwa India. Walitoka upande wa Jammu, kwenye kambi za wajenzi wa barabara, ambako wazazi wao walikuwa wakiponda mawe kwa ujira wa kutwa. Walikuwa wagonjwa na wamedhoofu kwa njaa. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu Dalai Lama atoroke Lhasa, Machi 1959, siku chache kabla jeshi la China halijauzima uasi wa mji huo kwa mizinga. Watibeti wapatao 80,000 walimfuata. Watu waliozoea baridi kavu ya nyanda za juu walijikuta kwenye joto na mvua za India, na kifua kikuu kikawafyeka.

Tsering Dolma Takla, dada mkubwa wa Dalai Lama, alijitolea kuwapokea watoto wale. Alipofariki mwaka 1964, mdogo wake Jetsun Pema akaishika kazi na kuiongoza hadi mwaka 2006. Waliomwona kwenye filamu ya Seven Years in Tibet ya mwaka 1997, akiigiza kama mama yake Dalai Lama, huenda hawakujua kwamba mwanamke yule amelea watoto wengi kuliko anavyoweza kuwakumbuka kwa majina. Makao yale ya dharura ndiyo yaliyokuja kuwa Kijiji cha Watoto wa Tibet, chenye matawi katika sehemu kadhaa za India.

Mwanzoni watoto walilazwa kwa msongamano, na ugonjwa wa mmoja uliwapata wote. Baadaye kijiji kilijengwa upya kwa mfumo wa nyumba: kila nyumba na mama mlezi wake, anayeitwa ama-la, na watoto wakubwa kwa wadogo wanaoishi kama ndugu, wakipika, wakifua na kusali pamoja. Wasomaji wa Nairobi, Mombasa, Arusha au Zanzibar wameuona mfumo huo kwa macho yao, maana ni ule ule wa vijiji vya SOS vilivyoanzishwa na Hermann Gmeiner huko Imst, Austria, mwaka 1949. Kijiji cha Watibeti kilijiunga na familia hiyo ya SOS, na kupitia mlango huo wafadhili wengi wa Ulaya wakaingia.

Ufadhili wenyewe unaeleweka kwa urahisi. Mtu aliye Ujerumani, Norway au Kanada anatenga kiasi fulani kila mwezi kwa ajili ya mtoto mmoja. Anapewa jina na picha, kisha barua zinaanza kwenda na kurudi. Freda Bedi, Mwingereza aliyeolewa na Mhindi na kuwahudumia wakimbizi tangu siku za kwanza, alikuwa miongoni mwa walioona mapema nguvu ya barua hizo: anayejua jina la mtu hamsahau upesi. Lakini nguvu hiyo hiyo ina hatari yake. Katika nyumba ya watoto wengi, mmoja akitumiwa viatu vipya na zawadi za sikukuu, huku jirani yake wa kitandani hana mfadhili, undugu unaojengwa na ama-la unabomolewa na posta. Ndiyo maana naona ni busara kubwa pale fedha zinapoingia kwenye mfuko wa nyumba nzima, barua ikabaki kuwa uhusiano wa watu wawili. Mtoto asiwe na deni la shukrani kwa kila kijiko cha uji.

Uswisi inatupa somo chungu zaidi. Kuanzia mwaka 1961 Charles Aeschimann, mkurugenzi wa kampuni ya umeme, alipanga kwa kukubaliana na Dalai Lama watoto wa Kitibeti wapatao 160 wapelekwe kulelewa na familia za Kiswisi. Nia ilikuwa njema: wasome, wapone, siku moja warudi kuwatumikia watu wao. Wengi wao hawakuwa yatima. Walikuwa na mzazi aliye hai katika makambi ya India. Walikua wakizungumza Kijerumani, na wengine walipokutana tena na mama zao ukubwani hawakuwa na lugha ya kusalimiana nao. Kuna waliofanikiwa sana maishani, na kuna walioteseka hadi mwisho. Hakuna anayeweza kusema familia zile hazikuwapenda. Ila upendo ule ulimtoa mtoto kwa watu wake, na hilo halirudishwi kwa fedha.

Katika nchi hiyo hiyo, na miaka hiyo hiyo, jambo jingine lilifanyika. Ndugu Kuhn, wenye kiwanda cha vyombo vya jikoni katika kijiji cha Rikon, waliwapokea Watibeti pamoja na familia zao, wakawapa kazi na nyumba. Walipoona wafanyakazi hao wanaelemewa na maisha ya ugenini, walitafuta ushauri kwa Dalai Lama mwenyewe, na mwaka 1968 kukafunguliwa hapo taasisi yenye watawa na maktaba. Watoto wa Rikon walijifunza Kijerumani shuleni na Kitibeti nyumbani. Tofauti ya visa hivi viwili ndiyo ninayotaka mfadhili yeyote aitafakari kabla hajatia sahihi: je, anayesaidiwa amebaki na watu wake, na nani ameamua?

Watibeti wenyewe walipopewa nafasi ya kuamua, walichagua mambo ambayo mgeni asingeyatanguliza. Agosti 1959, wakati wengi hawana hata blanketi, walianzisha kikundi cha ngoma na opera huko Kalimpong, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa za Maonyesho ya Dharamsala. Mwaka 1961 wakafufua chuo cha tiba za jadi, na mwaka 1970 wakajenga maktaba ya kuhifadhi maandiko yaliyovushwa milimani migongoni mwa watu. Kusini, Karnataka, serikali ya jimbo iliwapa ardhi ya msitu Bylakuppe. Wakafyeka, wakapanda mahindi, na baadaye wakaisimamisha upya monasteri ya Sera. Katika shule za Kijiji cha Watoto, miaka ya 1980 waliamua madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa Kitibeti. Walilazimika kutunga istilahi za hesabu na sayansi na kuchapa vitabu vyao. Kazi kama hiyo haina picha ya kumtumia mfadhili, wala haiishi kwa mwaka mmoja. Msomaji wa Kiswahili anajua uzito wake.

Leo hali imebadilika. Zamani wazazi waliobaki Tibet waliwakabidhi watoto wao kwa waongozaji, wakavushwa usiku kwenye njia kama Nangpa La, yenye mwinuko wa mita 5,700 hivi, chini kidogo tu ya kilele cha Kilimanjaro. Walijua huenda wasiwaone tena. Kila mwaka watu zaidi ya 2,000 walifika hivyo. Baada ya machafuko ya mwaka 2008 huko Tibet, China ilikaza mpaka, na wanaofika sasa ni wachache mno. Sensa ya Watibeti ya mwaka 2009 ilihesabu watu 94,203 nchini India. Idadi hiyo imeshuka sana, kwa sababu vijana waliosomeshwa wanahamia Amerika Kaskazini na Ulaya. Siwalaumu. Mtu aliyezaliwa India akaishi kwa cheti cha mgeni kinachohitaji kuhuishwa kila mara ana haki ya kutafuta uraia.

Wanaobaki kwenye makazi ni wazee, wengi wao wale wale walioponda mawe ya barabara. Zipo jumuiya zinazotafuta wafadhili kwa ajili yao, lakini uso wa mtoto huvuta mkono mfukoni kuliko uso wa bibi mwenye miaka 85, asiye na maendeleo ya shule ya kuandika kwenye barua. Bibi huyo ndiye anayejua lahaja ya bonde lake, nyimbo za mavuno na jinsi ya kuandaa mwaka mpya. Anayetaka kuufadhili utamaduni wa Tibet leo aanze na dawa zake za presha, na ujira wa kijana atakayebaki kijijini kumtunza na kumsikiliza.