Kuzika, Kufukia na Kuchoma: Sababu za Baadhi ya Familia Kuchagua Moto, na za Salamabila Kushika Udongo

1.0 Utangulizi

Katika miji mikubwa ya Afrika ya Mashariki, hasa Nairobi, zimeanza kuonekana familia za Waafrika zinazochagua kuchoma maiti badala ya kuizika. Idadi yao ingali ndogo, lakini jambo hilo si la Wahindu peke yao tena. Huko Salamabila, mji wa wachimba dhahabu wa Kabambare, kusini mwa Maniema, Mwislamu huzika, Mkatoliki huzika na Mprotestanti huzika. Makala haya yanaeleza sababu za mabadiliko ya Nairobi, kisha yanachunguza kwa nini hayajaigusa Salamabila. Hoja yake kuu ni kwamba tofauti haitokani na dini tu. Inatokana pia na uhusiano wa watu na ardhi, na uhusiano huo umehifadhiwa ndani ya vitenzi vyenyewe vya Kiswahili.

2.0 Sababu za kuchagua moto

Sababu ya kwanza ni uhaba wa ardhi. Makaburi ya Lang'ata, yaliyo makubwa kuliko yote ya umma jijini Nairobi, yalitangazwa kuwa yamejaa tangu miaka ya 1990, na bado watu huzikwa humo kwa kubanana. Asiye na shamba la ukoo hana pa kumlaza maiti wake ila hapo.

Sababu ya pili ni gharama. Mazishi ya kijijini hudai gari la kusafirisha maiti, jeneza, na chakula cha waombolezaji kwa siku kadhaa. Uchomaji hukamilika kwa siku moja, mbele ya watu wachache.

Sababu ya tatu ni wosia. Wahenga walisema maiti haulizwi sanda, lakini msomi wa mjini hutaka kujibu kabla ya kuulizwa. Kesi ya wakili S. M. Otieno iliwafunza wengi. Alifariki Desemba 1986, na mjane wake akashindana na ukoo mahakamani juu ya mahali pa kumzika. Alizikwa Nyalgunga mwezi wa Mei 1987, baada ya ukoo kushinda. Kesi hiyo haikuhusu moto, lakini ilidhihirisha kwamba kaburi ni hati ya umiliki: anayelipata kaburi humpata marehemu, na pamoja naye haki ya kusema yeye ni wa nani.

Watu mashuhuri nao walifungua njia. Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Kanisa la Anglikana alichoma mwili wa mkewe mwaka 2002, naye mwenyewe akachomwa mwaka 2005. Waumini wengi walishangaa. Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani, alichomwa Kariokor mwezi wa Oktoba 2011. Kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Mwanasiasa Kenneth Matiba alifuata mwaka 2018.

Kwa upande wa Wakatoliki, Roma iliondoa katazo mwaka 1963. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yapendekeza maziko, lakini haikatazi moto ila pale unapochaguliwa kwa kuyapinga mafundisho ya imani. Waraka wa mwaka 2016 ukaongeza sharti: majivu yawekwe mahali patakatifu, yasitawanywe.

3.0 Moto wa hiari na moto wa amri

Katika mifano yote hiyo, moto ulichaguliwa. Unapoamriwa, mambo hugeuka. Mwaka 2014, wakati wa Ebola, serikali ya Liberia iliamuru maiti zote za Monrovia na viunga vyake zichomwe katika tanuri la jumuiya ya Wahindi. Baadhi ya familia zilificha wagonjwa na kuzika kwa siri, na amri ikaondolewa mwishoni mwa mwaka huohuo. Katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua watu zaidi ya 2,200, lakini huko hapakuchomwa mtu. Vilianzishwa vikosi vya “mazishi salama na yenye heshima”. Hata hivyo upinzani ulikuwa mkali, kwa sababu wageni walishika kazi ambayo ni ya ndugu.

4.0 Udongo wa Salamabila

Kusini mwa Maniema, Uislamu ulikita mizizi tangu enzi za Tippu Tip na Waungwana wa Kasongo, katika karne ya 19. Mwislamu huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa, na hulazwa kuelekea kibla, kwa kawaida siku ileile. Kwake kuichoma maiti ni haramu. Mkristo wa huko hana katazo kali kama hilo, lakini naye hana haja ya tanuri: ardhi ya kuzikia ipo, na kaburi la babu ni ushahidi wa kudumu kwamba ukoo ulikuwapo mahali hapo. Katika nchi ambayo vita vya tangu mwaka 1996 vimewahamisha watu mara nyingi, ushahidi huo si jambo dogo.

Anayetatanika ni mchimbaji mgeni. Dhahabu ya Namoya imewavuta Salamabila watu wa mbali. Afapo mmoja wao, barabara mbaya na gharama huzuia safari ya kumrudisha kwao. Kwa hesabu tupu, majivu yangesafiri kwa urahisi kuliko maiti; lakini hesabu hiyo haifanywi, na lugha yaonyesha sababu.

5.0 Vitenzi vitatu

Mchimbaji anapoangukiwa na shimo, husemwa amefukiwa, hasemwi amezikwa. Wenzake huchimba usiku na mchana kumtoa udongoni, ili wamrudishe udongoni. Asiyejua Kiswahili ataona kazi bure. Mwenye lugha ajua kwamba kufukia ni tendo la udongo, ilhali kuzika ni tendo la watu.

Ndiyo maana kitenzi zika kimezaa familia kubwa: maziko, mazishi, mzishi, na hasa zikana. Marafiki wa dhati huitwa wa kufa na kuzikana. Kauli hiyo ya kutendana yatangaza deni ambalo kila jirani anadaiwa na mwenzake.

Choma hakina ukoo kama huo. Kuchomana ni kujeruhiana. Kinachochomwa ni nyama, mahindi, matofali, takataka. Na mjini, mwizi aliyeangukia mikononi mwa kundi lenye hasira. Teteketeza haifai kuwa mbadala, na hata teketeza, itumiwayo na baadhi ya magazeti, yadokeza maangamizi: nyumba huteketea, kijiji huteketezwa. Familia inayotangaza msiba kwa maneno hayo hulazimika kumtaja mpendwa wao kwa lugha ya adhabu au ya vita.

Hata hivyo, zika hakikufungwa na udongo. Baharia afaye safarini husemwa amezikwa baharini, ingawa hapakuchimbwa kaburi. Vilevile majivu yanayowekwa mahali patakatifu yaweza kusemwa yamezikwa, bila kuipotosha lugha. Kinachodaiwa na kitenzi ni kwamba watu wawepo, wamwage marehemu wao kwa heshima, na mahali pake pajulikane.

6.0 Hitimisho

Familia za Nairobi huchagua moto kwa sababu ya uhaba wa ardhi, gharama, na hofu ya mashindano juu ya maiti. Familia za Salamabila hushika udongo kwa sababu ya imani, na pia kwa sababu kaburi ndilo linalowaunganisha na mahali. Mganga, padri, mtangazaji na mfasiri wanaozungumza na wafiwa wapaswa kuujua mpaka huo wa maneno, hasa siku za maradhi ya mlipuko, ambapo neno moja laweza kuifanya familia ifiche mgonjwa. Kwani jamaa wa mbali, apatapo habari ya kifo, haulizi kwanza maiti ilitendwaje. Huuliza: “Amezikwa wapi?”