Kauli Nyingi, Shahidi Mmoja

Suali hili nimelisikia Tukuyu, nimelisikia Kisiba, hata subira imenipungua: kompyuta imekwisha kusoma mtandao mzima, nayo yasema kwamba Wajerumani wa enzi ya ukoloni walizamisha fedha zao katika Ziwa Masoko la huku kwetu, basi je, habari haijathibitika? Hasha, haijathibitika.

Mashine isomayo haichunguzi, yahesabu. Mwaka 2010 Tom Mitchell na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliianzisha programu iitwayo NELL, wakaipa mifano michache ya miji, makampuni na mengineyo, kisha wakaiachia kurasa milioni 500 za Kiingereza izisome usiku na mchana. Na kila jambo lilipokaririwa kwa namna nyingi, ndivyo yakini yake ilivyozidi. Baada ya siku 67 ilikuwa na kauli 242,000 ilizoziamini, ambazo, kwa makadirio ya waundaji wenyewe, zaidi ya robo hazikuwa sahihi. Mashine za leo zina ufundi mwingine, lakini lililokaririwa sana bado ndilo linalozikaa.

Sasa mtu mmoja akiandika kisa cha ziwa letu kwa ajili ya watalii, wa pili akakinukuu, wa tatu akakipamba kwa dhahabu, hiyo ni riwaya moja tu iliyovaa nguo tatu. Wanazuoni wa hadithi za Mtume walikuwa wakiuliza isnadi, fulani kapokea kwa nani, naye kwa nani; mashine haiulizi, na aghalabu wasomaji wake nao wameacha kuuliza. Boma la Wajerumani hapo Masoko ni kweli, lingalipo. Matope ya ziwani nayo yalichimbwa na wataalamu, wakasoma humo habari za hali ya hewa ya miaka 45,000 hivi. Huo ni ushahidi, kwa kuwa mwingine aweza kuyapima tena.

Na wale wanaowashauri vijana waujibu uzushi wa namna hii kwa kumwaga sahihisho lile lile katika kurasa mia wanawapotezea wakati: nakala zifananazo aghalabu huchujwa kabla mashine haijafundishwa, ilhali uzushi uliobadilishwa maneno hupenya.

Lenye faida ni hili: idai mashine chanzo, ukifungue ukisome, sahihisha Wikipedia ya Kiswahili kwa kutaja kitabu na ukurasa, toa sauti yako kwa Common Voice, mradi wa kukusanya sauti za kufundishia mashine, andika Kinyakyusa, na umrekodipo mzee, muulize kwanza nani alimsimulia, na lini.