Leza ya presha ya macho: Hairudishi nuru iliyopotea, hulinda iliyobaki

Mtu wa Likoni au Kisauni akisema "nina presha ya macho", mara nyingi wenzake barazani humuuliza kama amepunguza chumvi. Hapo ndipo mambo huanza kuharibika. Presha ya macho si presha ya damu. Unaweza kupimwa mkono ukaambiwa damu yako iko sawa kabisa, na huku jicho linaliwa ndani kwa ndani. Madaktari wanauita ugonjwa huu glakoma, na leo ningependa tuielewe tiba yake moja ambayo huku kwetu haizungumzwi sana, nayo ni leza.

Maji yaliyokosa njia

Sehemu ya mbele ya jicho ina maji safi yanayotengenezwa mchana na usiku. Haya si machozi. Hulisha jicho, kisha hutoka kupitia kichujio kidogo kilichoko pembeni, pale kioo cha mbele cha jicho kinapokutana na lile duara lenye rangi. Chukua mfano wa tangi la maji juu ya paa: bomba la kuingiza linafanya kazi, la kutolea limeingia uchafu. Maji yanaingia, hayatoki vizuri, presha inapanda.

Kwa watu wengi presha ya jicho huwa kati ya 10 na 21, kwa kipimo cha milimita za zebaki. Ikipanda na kukaa juu, huumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Wako pia wanaoumia hata presha ikiwa ndani ya kiwango hicho, ndiyo maana daktari hatosheki na namba peke yake. Atauangalia mshipa wenyewe na kupima upana wa kuona. Mshipa huo ukifa, haufufuki.

Ubaya wa aina iliyo ya kawaida kwetu ni kwamba haiumi. Huanza kula pembeni, katikati ukaacha. Mzee anasoma msahafu wake vizuri, lakini akiwa kwenye msongamano wa feri anagongana na watu hakuwaona wakija. Mwendesha boda anashtukia matatu iko ubavuni. Nyumbani wanasema ni uzee, au ni kijicho cha watu. Siku ya kufika hospitali, jicho moja limeshazimika.

Tusichanganye pia na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji na mtu akaona tena. Nuru iliyochukuliwa na glakoma hairudi, si kwa matone, si kwa kisu, si kwa leza. Kila tiba ya ugonjwa huu ni ya kulinda kile kilichobaki.

Shida ya matone

Tiba iliyozoeleka ni matone. Timololi ndiyo maarufu kwa kuwa ni ya bei nafuu kuliko nyingine nyingi. Yanasaidia, lakini ni ya kila siku, maisha yote. Chupa ikiisha tarehe ishirini na mshahara ni mwisho wa mwezi, jicho halisubiri. Mwingine mkono unatetemeka, tone linaishia shavuni. Mwingine haoni tofauti yoyote baada ya kutia, anaacha. Na mwenye pumu lazima amwambie daktari mapema, kwa sababu timololi inaweza kumbana kifua kwa hatari.

Kuna na wale wanaoacha matone mwezi mzima wa Ramadhani kwa kuogopa kufungua. Baraza la kimataifa la fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Jeddah mwaka 1997, liliamua kwamba matone ya macho hayabatilishi saumu. Na katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu pwani, jicho halihesabiwi kuwa tundu lililo wazi la kupeleka kitu tumboni. Wanja haufunguzi, hata mtu akiuhisi kooni. Mwenye wasiwasi amuulize shekhe wake, na amuulize daktari kama anaweza kuyatia magharibi na alfajiri. Kuacha kimya kimya siku thelathini ni kuchezea macho.

Leza inafanya nini

Leza ninayoizungumzia huitwa kwa herufi tatu, SLT. Unaketi mbele ya mashine, kidevu mahali pake, kama unavyopimwa macho siku zote. Jicho linatiwa tone la ganzi, daktari anaweka lenzi ndogo juu yake, kisha anapiga vimulimuli vifupi sana vya mwanga wa kijani kuzunguka kile kichujio, mara nyingi kama 100 hivi. Kazi yote ni dakika chache. Hukatwi, hushonwi, hulazwi, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Mwanga ule hautoboi tundu. Unalenga seli zenye rangi zilizo kwenye kichujio, na mwili wenyewe unaitikia kwa kupasafisha, maji yakapata kupita. Kwa hivyo matokeo hayaji siku ile. Huchukua wiki kadhaa, na wakati huo usiache matone yako mpaka daktari akuambie.

Madhara yake kwa kawaida ni madogo: wekundu, maumivu kidogo, kuona ukungu kwa siku chache. Kwa baadhi ya watu presha hupanda saa chache za mwanzo, ndiyo sababu huambiwa usubiri upimwe tena kabla ya kuondoka. Usikimbilie matatu.

Nguvu yake pia huisha. Kuna anayekaa mwaka, kuna anayekaa miaka kadhaa, na wengine haiwashiki kabisa. Inaweza kurudiwa. Lakini kliniki ni lazima kuhudhuria, kwa kuwa ikiisha nguvu hutahisi chochote.

Ushahidi wa Moshi

Mtu atasema haya ni mambo ya Wazungu. Basi tuangalie jirani, Moshi, ng'ambo ya Taveta. Katika hospitali ya KCMC, wagonjwa 201 wa glakoma waliingizwa kwenye utafiti kati ya 2015 na 2017. Nusu walipewa matone ya timololi, nusu wakapigwa leza hii. Baada ya mwaka mmoja, macho yaliyofikia presha iliyotakiwa yalikuwa asilimia 31 kwa upande wa matone, na asilimia 61 kwa upande wa leza, wakiwemo waliorudiwa leza na waliofundishwa upya kutia matone. Matokeo yalitoka mwaka 2021 katika jarida la Lancet Global Health.

Namba hizo tuzisome kwa uadilifu. Leza ilishinda, na bado karibu macho manne katika kila kumi hayakufika. Si muujiza. Ila kwa mtu asiye na hakika ya chupa ya mwezi ujao, hiyo ni tofauti kubwa. Nchini Uingereza, utafiti mwingine wa wagonjwa 718 ulionyesha kwamba baada ya miaka mitatu, karibu watatu kati ya wanne waliopigwa leza hawakuhitaji matone. Tangu 2022 mwongozo wa tiba wa huko unataka wagonjwa wengi wapya wa aina hii wapewe leza kwanza.

Haimfai kila mtu. Ambaye pembe ya jicho lake imejifunga huhitaji leza ya aina nyingine au upasuaji, na ambaye ugonjwa umeshakwenda mbali huenda akahitaji kisu moja kwa moja. Hilo huamuliwa na daktari wa macho baada ya kuiangalia ile pembe, si duka la miwani.

La kufanya

Ukiwa umepita miaka 40, kapimwe macho. Ikiwa mzazi au ndugu wa tumbo moja ana glakoma, nenda hata kabla. Sisi watu weusi ugonjwa huu hutupata zaidi na mapema zaidi. Anza kituo cha karibu, Likoni, Port Reitz au popote ulipo, uombe rufaa ya kliniki ya macho. Ukifika, uliza maswali manne: presha yangu ni ngapi, mshipa umeumia kiasi gani, je leza inanifaa, na SHA italipa nini.

Na yale matone ya kuondoa wekundu na muwasho unayonunua bila cheti, soma kwanza. Yenye steroidi, kama deksamethasoni, yakitumiwa muda mrefu yenyewe hupandisha presha ya jicho.

Kwa viongozi wetu wa kaunti nina swali moja: mgonjwa wa Mtongwe, Mjambere au Chaani akihitaji leza hii katika hospitali ya umma, ataipata wapi, siku gani, na kwa shilingi ngapi? Mashine ni ghali, lakini moja huhudumia watu wengi kwa miaka. Kipofu asiye na kazi ni ghali zaidi, na gharama yake hulipwa na nyumba yake peke yake.