Kijana Halali Mapema: Si Ukaidi

Mzazi anayemwita kijana wake mvivu kwa kuwa saa 11 alfajiri haamki, asubiri kidogo. Mtoto anapobalehe, ubongo wake huanza kuchelewa kutoa melatonini, homoni ya usingizi. Ndiyo maana saa 3 usiku bado yu macho makavu. Mwaka 2016 wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza wenye miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kwa siku. Wa kwetu hapa Dar es Salaam, anayegombea daladala gizani, azipate wapi? Akizikosa hununa, husahau, hujibu kwa ukali. Nasi twashika fimbo! Simu, ambayo mwanga wake humzidishia kukesha, ilale sebuleni. Ya baba pia.